Jinsi ya kuwabana wenyenchi kwa amani: chukua mradi mmoja wa wadi yako uufuate mpaka mwisho

Watu wakisikia ufisadi akili inaenda moja kwa moja kwa yale mabilioni ya Nairobi, kashfa za Goldenberg, Anglo Leasing, NYS, mambo makubwa mpaka mtu anachoka kabla hajaanza, anasema mimi na kibanda changu cha mboga nitawafanya nini watu wanaotembea na helikopta. Na wenyenchi wanapenda sana ukifikiria hivyo manake ukishakata tamaa wao wanaendelea kula bila wasiwasi.

Lakini kumbukeni Juni 2024. Miaka mingi Muswada wa Fedha ulikua unapita kimya kimya, kingereza cha kisheria kurasa na kurasa, wananchi tunakuja kushtuka bei zimeshapanda. Mwaka ule vijana waliusoma. Walikaa chini wakausoma kifungu kwa kifungu alafu wakaueleza TikTok na X kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, kwa Kijaluo, kwamba hapa mkate unawekwa VAT ya 16%, hapa mwenye gari atalipa 2.5% ya thamani ya gari kila mwaka, na mama ambaye hajawahi kushika muswada maishani akawa anaweza kukutajia. Tarehe 26 Juni rais akasema hatausaini. Gharama yake ilikua damu, tume ya haki za binadamu KNCHR ilihesabu watu 60 waliokufa kwenye maandamano yale, ni watoto wa watu, na hakuna pesa ya serikali yenye thamani ya maisha yao. Ndio maana naandika huu mwongozo. Ile kazi ya kusoma karatasi ndio iliyowatingisha wakubwa, na kusoma karatasi kunaweza kufanyika kila siku, kwa kila wadi, bila mtu yeyote kusimama mbele ya bunduki.

Hapa naongelea Kenya kwa sababu sheria nitakazotaja ni za Kenya.

Chagua mradi mmoja tu

Vikundi vingi vinakufa kwa sababu vinataka kupigana na ufisadi wote kwa mpigo. Wiki ya kwanza WhatsApp inawaka moto, wiki ya tatu watu wanatumiana memes. Nyinyi chukueni kitu kimoja ambacho kila mtu wa pale anakipita akienda sokoni, zahanati isiyo na paa, kisima kisichotoa maji, soko lililofungwa kufuli toka lizinduliwe, darasa lenye nyufa. Kitu ambacho hauhitaji kumshawishi jirani kwamba kipo.

Alafu kabla ya yote jueni ni pesa ya nani, manake hapa ndio mwananchi huzungushwa mpaka viatu vinaisha. Zahanati, visima, masoko, chekechea na barabara ndogo za wadi kwa kawaida ni za kaunti. Madarasa ya primari na sekondari, ofisi za machifu na bursary mara nyingi ni za NG-CDF, ile pesa ya eneo bunge. Barabara kubwa zina mamlaka zake za kitaifa. Ukienda ofisi ya mbunge kuuliza zahanati utaambiwa nenda kaunti, ukienda kaunti kuuliza darasa utaambiwa muone mheshimiwa, na wote wawili watakua wamesema ukweli. Soma kile kibao cha mradi, kama kipo kipige picha, kina jina la idara, mkandarasi na wakati mwingine gharama. Kama hakipo, andika kwamba hakipo.

Kuhusu watu, watano mpaka saba wanatosha. Tafuteni mwalimu mstaafu anayejua kuandika barua, mama anayeshika daftari la chama manake hao wanajua hesabu na hawadanganywi kirahisi, kijana mwenye simu nzuri na bundles, mtu wa boda anayefika kila kijiji. Na fundi wa ujenzi. Fundi kwangu mimi ni muhimu kuliko wakili mwanzoni, wakili atakusaidia baadae lakini fundi ndio atakwambia hiyo bati ni geji gani na hiyo simiti ilichanganywa na mchanga kiasi gani. Hakikisheni kikundi kina watu wa vyama vyote, wale wa serikali na wale wa upinzani, ili ile siku mtaambiwa mmetumwa na mpinzani wa MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, muweze kuonyesha sura zenu. Na msichukue pesa ya mwanasiasa yeyote ata ya nauli. Changeni wenyewe mia mia.

Jueni pesa inaamuliwa lini

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. Kila Mei na Juni tunajazana kwenye vikao vya kutoa maoni ya bajeti tukidhani ndio tunaamua, kumbe saa hiyo keki ishakatwa vipande na kila kipande kina mwenyewe. Kwa kaunti, mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kuwasilishwa bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, miezi kumi kabla ya pesa kuanza kutumika. Hapo ndio miradi inaingia ama inaachwa nje. Kufikia 28 Februari inakuja karatasi ya mikakati ya fedha ambayo inaamua kila idara itapewa kiasi gani. Kufikia 30 Aprili makadirio yenyewe. Kwa hiyo mtu akitaka zahanati yake iingie, Agosti ndio mwezi wa kusumbua watu, na Februari ndio mwezi wa kuangalia kama idara ya afya imepunguziwa ili ofisi ya gavana iongezewe.

Kwenye vikao hivyo usiende kuongea tu. Maneno yanapotea, na ile orodha ya waliohudhuria mliyosaini mkipewa soda na mkate inaenda kutumika kama ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa wakakubali. Nenda na maoni yako kwa maandishi, kopi mbili, moja waache, ya pili wakupigie muhuri wa kupokea na tarehe. Ushiriki wa umma umetajwa kwenye katiba yenyewe, na kuna sheria ambazo mahakama zimezifuta kwa sababu wananchi hawakushirikishwa vizuri, kwa hiyo ile kopi yenye muhuri inaweza kuja kuwa na kazi kubwa kuliko unavyofikiria.

Barua ya kuomba karatasi

Hii ndio sehemu ambayo nataka muishike kabisa. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza namna. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, sheria imesema hivyo wazi. Haulazimiki kutoa sababu, afisa akikuuliza "unazitakia nini" unamjibu kwa heshima tu kwamba ni haki yangu kama raia mkubwa wangu. Kuomba hakulipiwi, unachoweza kutozwa ni gharama ya kutoa kopi. Wana siku 21 za kukujibu, wanaweza kujiongezea 14 mara moja tu kama karatasi ni nyingi ama lazima waulize kwingine, na kama habari inahusu maisha ama uhuru wa mtu ni saa 48. Wakikunyima ama wakinyamaza unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wengi wanaijua kama Ombudsman, ndani ya siku 30.

Barua yenyewe isiwe ndefu, wala usiweke hasira wala hadithi ndani yake. Kitu kama hiki:

*Kwa Afisa Mkuu, Idara ya Maji, Kaunti ya ______*

*KUH: OMBI LA HABARI CHINI YA KIFUNGU CHA 35 CHA KATIBA NA SHERIA YA KUPATA HABARI YA 2016*

*Mimi ni raia wa Kenya, nambari ya kitambulisho ______. Naomba nakala za hati zifuatazo kuhusu mradi wa kisima cha ______, wadi ya ______, mwaka wa fedha ______: mkataba kati ya kaunti na mkandarasi, BQ ya mradi, hati zote za malipo na tarehe zake, ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji wa kazi ikiwa na majina na sahihi za wanakamati, na barua yoyote ya kuongeza muda ama kuongeza gharama. Naomba kujibiwa ndani ya siku 21 kama sheria inavyosema. Anwani na simu yangu ni ______.*

Angalia ilivyotaja hati moja moja. Ukiandika "naomba habari zote kuhusu ufisadi wa kisima" hakuna wa kukujibu na atakua na kisingizio. Lakini ukitaja BQ, ambayo ni ile orodha ya kazi na vifaa na bei ya kila kimoja, na ukitaja ile ripoti ya upokeaji, afisa anajua huyu mtu anajua anachotafuta. Ile ripoti ya upokeaji ni ya dhahabu. Kwa sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 kuna kamati inayotakiwa kukagua kazi na kukubali kwamba iko sawa kulingana na mkataba. Kwa hiyo kama kisima hakina pampu na pesa yote ya pampu imelipwa, kuna watu waliosaini kwamba pampu wameiona. Majina yao yapo pale.

Peleka barua kwa mkono, pale rejista wanapopokelea barua, nenda na kopi ya pili ipigwe muhuri. Sekretari akikataa kupiga muhuri usigombane nae, yeye pia ana bosi, itume kwa posta ya rejista ama email na uweke risiti. Andika tarehe kwenye daftari. Siku ya 22 andika ya kukumbusha, fupi tu. Wengi wanaacha hapa kwenye siku ya 22, wanasema nilijua hawatajibu. Usiache, manake barua isiyojibiwa ndio inayokufungulia mlango wa Ombudsman, na Ombudsman akiandikia ofisi inabidi mtu atafute faili.

Kuna karatasi nyingine ambazo hata hauhitaji kuomba. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha awe ameshakagua na kutoa ripoti, na zinawekwa kwenye tovuti ya ofisi yake, kila kaunti na kila NG-CDF ya eneo bunge. Zinatisha kwa urefu ila unafungua PDF unatafuta jina la wadi yako ama la shule, unasoma aya hizo tu. Wao hawasemi mtu ameiba. Wanasema malipo ya milioni kadhaa hayakua na stakabadhi, ama kwamba walipotembelea mradi wakakuta umekwama na mkandarasi hayupo. Mkikuta mradi wenu ndani ya ripoti hiyo mmeshavuka nusu ya safari, sasa sio nyinyi mnaosema, ni ofisi ya kikatiba.

Nendeni mkapime

Karatasi zikifika kaeni na fundi mstari kwa mstari. BQ itasema mfano bati za geji 28, tangi la lita 10,000, milango ya chuma minne, kuta kupigwa plasta ndani na nje. Mnaenda nazo mpaka pale. Tangi lina lita zake zimeandikwa ubavuni, pigeni picha maandishi yakionekana. Bati ya geji 30 ni nyembamba kuliko ya 28, fundi ataijua kwa kuishika tu, na mara nyingi ina chapa. Milango mnahesabu. Plasta mnaangalia kama nje ipo ama ni rangi imepakwa juu ya mawe. Kila kitu kipigwe picha mbili, ya karibu ikiwa na futi ya kupimia kando yake na ya mbali ikionyesha jengo lote, na muwashe tarehe na lokesheni kwenye simu. Msivunje kitu, msifungue kufuli la mtu, msiingie kwenye uzio bila ruhusa. Ombeni mwalimu mkuu ama mlinzi awafungulie, na akikataa andikeni amekataa.

Alafu tengenezeni karatasi moja yenye safu tatu, kilichoandikwa, kilicholipwa, kilichopo. Karatasi moja tu, ata mzee asiyesoma sana aweze kuelezewa akaelewa.

Na muwe na haki hapa. Kuna wakandarasi wadogo ambao wamefanya kazi yao vizuri wakakaa miaka bila kulipwa, kaunti zina madeni mengi ya namna hiyo, mtu ameuza shamba ili amalize zahanati ya watu. Ukimuita huyo mwizi mbele ya kijiji umemmaliza mtu wa bure. Hati za malipo ndio zitawaambia ukweli, kama hajalipwa basi swali ni la idara, sio lake.

Somea watu hizo karatasi

Pale Mombasa shirika la Muhuri lilifanya kazi hii kwenye CDF ya Changamwe miaka ya 2000, wakati ata sheria ya habari hatukua nayo. Walipata faili za miradi, wakafundisha wakaazi kuzisoma, wakaenda kuangalia majengo, kisha wakaita mkutano wa hadhara na yaliyopatikana yakasomwa mbele ya watu. Wao walijifunza kwa wenzao wa India, jimbo la Rajasthan, kikundi cha wakulima na vibarua kinaitwa MKSS ambacho miaka ya 1990 kilikua kinachukua orodha za malipo ya vibarua wa serikali na kuzisoma kwa sauti kijijini. Linasomwa jina fulani, amelipwa siku kadhaa za kuchimba, na yule mtu anasimama anasema sijawahi kuchimba hiyo kazi. Linasomwa jina lingine watu wanasema huyo alishakufa. Harakati hizo ndizo zilizosukuma mpaka India ikapata sheria ya taifa ya haki ya habari mwaka 2005. Watu maskini kabisa, wengi hawajui kusoma, na silaha yao ilikua ni kusomewa.

Kwa hiyo nyinyi pia iteni baraza. Toeni taarifa kwa chifu na kituo cha polisi, msiweke Ijumaa saa saba wala Jumapili asubuhi, msiweke siku ya soko. Mualikeni kwa barua MCA, injinia wa wadi, mkandarasi, na muwawekee viti vyao mbele kwa heshima. Wasipokuja viti vikae vitupu, watu wenyewe wataviona. Someni ile karatasi pole pole kwa Kiswahili na kwa lugha ya pale, na baada ya kila mstari muulize, hii ipo? Msijibu nyinyi. Acheni waliokuja wajibu. Mheshimiwa akitaka kueleza apewe nafasi kamili na asikatizwe ata kama anaudhi, manake akizomewa ndio habari ya kesho itakua fujo na sio tangi. Mmoja aandike kumbukumbu, mwisho watu wasaini ama waweke dole gumba na nambari za vitambulisho.

Mara nyingi, na hili watu hawaliamini mpaka walione, kazi inarudi kufanyika hapo hapo. Mkandarasi anatokea na pampu baada ya wiki mbili. Pokeeni pampu, ila msifunge faili, swali la nani alisaini bado lipo.

Kampuni ni ya nani

Hapa ndio unaanza kuwaona wenyenchi wenyewe, kwa sababu MCA wako mara nyingi ni mdogo kwenye huu mchezo. Chukua jina la kampuni kwenye mkataba, ingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, lipia CR12 ya kampuni hiyo. Inakupa majina ya wakurugenzi na wenye hisa. Angalia ilisajiliwa lini, kampuni iliyozaliwa mwezi mmoja kabla ya tenda ya milioni nyingi inahitaji maswali. Angalia kama majina yale yale yanajirudia kwenye kampuni tatu "zilizoshindana" kwenye tenda moja. Kuna 30% ya tenda za serikali iliyotengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, nayo ni mahali pazuri pa kuangalia nani anatumia jina la nani.

Ila kuweni waangalifu sana hapa. Jina kufanana sio ushahidi, shemeji wa mtu kuwa na kampuni sio kosa peke yake. Mkiandika mtandaoni andikeni karatasi inasema nini, kampuni fulani ililipwa kiasi fulani tarehe fulani kwa kazi ambayo picha hizi zinaonyesha haijakamilika. Acheni neno mwizi, acheni namba za simu za watu, acheni picha za nyumba zao na watoto wao. Kuna kesi za kuharibia mtu jina na kuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2018, na watu wenye pesa wanajua kuzitumia kukuchosha. Karatasi yao wenyewe ni ngumu kuishtaki.

Kupanda ngazi

Kama pale chini kumegonga mwamba, kuna petisheni. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka petisheni bunge la kaunti na kaunti ina wajibu wa kujibu. Ya Bunge la kitaifa iko kifungu cha 119. Inataka useme umeshajaribu wapi na ukajibiwa nini, na kama suala liko mahakamani, kwa hiyo zile barua zenu zenye muhuri zinageuka viambatanisho. Kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, pelekeni karatasi zilizopangwa vizuri na ile ya safu tatu juu kabisa, msipeleke malalamiko ya mdomo. Wana mfumo wa mtandaoni wa kuripoti bila kutaja jina.

Mahakama ipo pia. Kifungu cha 22 na cha 258 vinaruhusu mtu yeyote kwenda kwa niaba ya umma, na Okiya Omtatah ameonyesha kwa miaka mingi kwamba raia asiye wakili anaweza kusimamisha mambo makubwa ya serikali akiwa na kalamu yake. Lakini ni njia ndefu na inaweza kuwa na gharama ukishindwa. Ongeeni kwanza na mawakili wa haki za umma.

Barabarani

Kuandamana ni haki, kifungu cha 37, kwa amani na bila silaha. Mimi naiweka mwisho kwa makusudi, maandamano yenye faili nyuma yake yanajua yanadai nini na yanajua saa ya kurudi nyumbani. Januari 2015 wanafunzi wa Lang'ata Road Primary walitoka kuukataa ukuta uliojengwa kwenye uwanja wao wakarushiwa vitoa machozi, nchi ikashtuka, na uwanja ukarudi. Uwanja ulirudi na nashukuru, lakini watoto wasiwekwe tena mbele hivyo, kamwe. Hiyo ni kazi ya watu wazima.

Sheria inataka taarifa kwa kituo cha polisi, sio chini ya siku 3 na sio zaidi ya 14 kabla, iwe na jina na anwani ya mwandalizi, njia mtakayopita na saa, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ni taarifa, hamuombi ruhusa. Pelekeni kopi mbili kama kawaida. Chagueni watu wa kusimamia wavae rangi moja, wakiona mtu ameokota jiwe wote mkae chini, anayebaki amesimama na jiwe lake ataonekana na kamera zote. Andikeni namba ya wakili kwa peni mkononi. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, kuongea na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24 ama siku ya kwanza ya korti baada ya hapo. Polisi akitumia nguvu vibaya ripotini IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, mkiwa na tarehe, mahali, na namba yake kama mmeiona.

Mlindeni aliyewapa karatasi

Wakati mwingine karatasi inatoka kwa karani aliyechoka kuona. David Munyakei alikua karani mdogo Benki Kuu mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliona mamilioni ya fidia yakilipwa kwa dhahabu na almasi ambazo zilidaiwa kuuzwa nje, akatoa hati, nchi ikajua Goldenberg. Alikamatwa, akapoteza kazi, na alifariki 2006 akiwa maskini huku waliotajwa kwenye kashfa ile wakiendelea na maisha yao. Hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Kwa hiyo mtu akiwapa kitu jina lake lisiingie kwenye WhatsApp ya kikundi, lisiandikwe kwenye daftari, msisambaze picha ya hati yenye maandishi yake ya mkono ama alama inayoonyesha ilitoka dawati gani. Kama hati hiyo hiyo mnaweza kuipata kwa barua ya kuomba habari, iombeni rasmi, ndio mtumie hiyo. Sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 ina kifungu cha 65 cha kuwakinga watoa habari, mwambieni akijue, lakini ulinzi wa kwanza ni midomo yenu.

Harambee na kura

Pesa ya wenyenchi inarudi kwetu Jumapili ikiwa kwenye bahasha. Tunaishangilia. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa mamilioni uliotolewa na rais, jambo ambalo wengi hatukuwahi kudhani tutaliona. Ongea na kamati ya kanisa ama msikiti wako kuhusu hilo, kwa upole, nani anaruhusiwa kushika maikrofoni na mchango wake unatoka wapi. Sheria ya kudhibiti pesa za kampeni ilipitishwa 2013, na chaguzi za 2017 na 2022 zote zilifanyika viwango vyake vikiwa havitumiki, kwa hiyo usitegemee itawazuia. Na mjue kununua kura na kuuza kura yote mawili ni kosa, anayepokea mia mbili naye yumo.

Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027. Miezi kadhaa kabla, chukueni ile karatasi ya safu tatu, ongezeni mistari mitatu chini yake, kwamba nikichaguliwa nitaweka BQ na hati za malipo za kila mradi wa wadi kwenye ubao wa ofisi ya wadi, nitaitisha baraza la hesabu kila robo mwaka, nitajibu barua za wananchi ndani ya siku 21. Mpelekeeni kila mgombea wa MCA, mmoja baada ya mwingine, asaini mbele ya watu. Pigeni kopi mbandike sokoni, na asiyetaka kusaini jina lake mliache pale pale na nafasi ya sahihi ikiwa wazi.